Leo Umecheza Nini?



Mwezi huu naanza na kosa langu mwenyewe. Mwanangu alipofikisha miaka mitatu alianza chekechea, kwa zile saa 15 za wiki ambazo hapa England serikali huwalipia watoto wa miaka 3 na 4 wakati wa muhula. Nilimnunulia viatu vipya na sweta nzuri. Kila jioni nikitoka zamu nilimuuliza maswali mawili: "Umejifunza nini leo?" na "Mbona umechafuka hivi?" La kwanza hakuwa na jibu. La pili alilijibu kwa kuinamisha kichwa.

Baada ya wiki kama sita, mlezi wake aliniomba nibaki kidogo. Akaniambia kwa upole kwamba mtoto anapenda vitabu na anakula vizuri, lakini hagusi mchanga wala maji. Husimama pembeni, mikono ameiinua juu, akiwatazama wenzake. "Na kila tukimkaribisha anasema maneno ambayo hatuyaelewi," akasema, kisha akayatamka kadiri alivyoweza: "Mama atagomba." Alitaka nimfasirie. Nilimfasiria, lakini niliona haya.

Sikuwa mama mkali. Nilikuwa mama niliyeamini kwamba mchezo ni mapumziko ya somo, na kwamba mtoto anayerudi bila daftari amepoteza siku. Wengi wetu tumelelewa hivyo. Chekechea tulizosoma nyumbani zilikuwa za kuimba a-e-i-o-u kwa pamoja na kujaza kurasa za herufi. Tukifika chekechea za huku na kuona mabeseni ya maji, mchanga na vitambaa vya kuigizia, tunajiuliza: kufundisha wataanza lini?

Wameshaanza. Mwongozo wa serikali hapa England, unaojulikana kwa kifupi kama EYFS na uliotumika tangu 2008, umegawa mafunzo ya watoto wadogo katika maeneo saba. Matatu ndiyo msingi: lugha na mawasiliano, ukuaji wa mwili, na kujitambua pamoja na kuishi na wenzake. Kisha yanafuata manne: kusoma na kuandika, hisabati, kuujua ulimwengu, na sanaa. Hakuna vitabu saba wala vipindi saba. Kuna kona za kuchezea, na kila kona ina kazi yake. Twende tuzitazame.

Kwenye maji na mchanga, mtoto anajaza kikombe kikubwa na kukimimina kwenye kidogo, kinafurika. Hapo anajifunza kujaa, nusu, tupu, zaidi na pungufu. Bibi zetu walijua kwamba vibaba vinne hufanya pishi moja bila kufungua kitabu. Mtoto anayemimina mchanga anapita njia ileile.

Kwenye vitofali vya mbao, anagundua kwamba viwili vifupi vinalingana na kimoja kirefu, na kwamba chini kusipokuwa sawa mnara unaanguka. Kuanguka nako ni somo: ataanza upya au atalia? Mjerumani Friedrich Froebel, aliyefungua chekechea yake ya kwanza mwaka 1837, aliwapa watoto vitofali vya mbao kwa sababu hiyo hiyo, wajifunze umbo na hesabu kwa mikono yao.

Kona ya nyumbani ina jiko dogo, vikombe na wanasesere. Sisi tuliicheza uani, tukipika mchanga kwenye vifuu vya nazi. Sikiliza maneno yanayosemwa pale: "Wewe uwe daktari, mimi niwe mgonjwa, halafu unipe dawa." Mtoto anapanga hadithi yenye mwanzo na mwisho, anajadiliana, anangoja zamu yake. Atakapotakiwa shuleni kuandika hadithi, kazi ya kuitunga atakuwa ameshaizoea.

Unga wa kufinyanga mimi kama muuguzi naupenda kuliko vyote. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina vifupa vinane. Mtoto anapozaliwa, vifupa hivyo bado ni gegedu laini, na hugeuka kuwa mfupa kimoja kimoja kwa muda wa miaka mingi. Kumlazimisha mtoto wa miaka mitatu kushika penseli kwa nusu saa ni kuudai mkono ambao bado unajengwa. Kukanda, kufinya na kuviringisha unga kunaipa nguvu misuli ya vidole, na vidole hivyo ndivyo vitakavyoshika penseli baadaye.

Halafu kuna nje: matope, majani, ngazi za kupanda. Mwaka 1914 dada wawili, Rachel na Margaret McMillan, walifungua chekechea ya uwanja wazi huko Deptford, London, kwa ajili ya watoto wa mtaa maskini. Waliona kwamba hewa safi, usafi, chakula na mchezo havitengani na elimu. Kwa hiyo ukiambiwa ulete buti za mvua, hawajakosa kazi ya kufanya.

Sasa sisi wazazi tufanye nini?

Mpeleke mtoto na nguo zinazoweza kuchafuka, na umwambie kwa kinywa chako kwamba ruhusa ipo. Ruhusa ya mlezi haitoshi ikiwa hofu imetoka nyumbani. Jioni usimuulize amejifunza nini, muulize amecheza nini, na nani, na kikatokea nini. Utapata habari nyingi kuliko daftari lingekupa.

Cheza naye kwa Kiswahili. Mwongozo huohuo unazitaka chekechea zichukue hatua za kumpa mtoto nafasi ya kutumia lugha ya nyumbani katika mchezo na masomo, kwa hiyo usione vibaya kuwapa maneno machache. Mimi niliandika kwenye karatasi: maji, mchanga, choo, nimechoka, naumwa, taratibu. Waliibandika ukutani.

Na ukiona mtoto hachezi kabisa, haigizi chochote, haitiki akiitwa jina lake, au ameacha maneno aliyokuwa nayo, usilifiche wala usingoje kwa kudhani ni lugha mbili zinamchanganya. Mwambie mlezi, na umwambie muuguzi anayefuatilia afya ya watoto wadogo. Hapa England kuna uchunguzi wa ukuaji kati ya miaka miwili na miwili na nusu. Usiukose, na ikiwa umeshapita, bado unaweza kuomba msaada. Kuuliza mapema si kumtia mtoto kasoro.

Mwanangu je? Kesho yake nilimvalisha suruali kuukuu, nikamshika mkono hadi kwenye sanduku la mchanga, nikachutama na kutia mkono wangu ndani mbele yake. "Mama hagombi," nikamwambia. Alinitazama usoni kwanza, kisha akauangalia mchanga. Hakuugusa siku ile. Siku ya tatu aligusa kwa kidole kimoja. Wiki iliyofuata nilikung'uta mchanga kutoka mifukoni mwake na kwenye soksi.

Juzi alinieleza kwamba kikombe chekundu kinaingia mara tatu kwenye ndoo ndogo, lakini cha bluu mara mbili tu, "kwa sababu ni kinene". Nilikuwa nafua suruali yake huku namsikiliza. Doa la matope magotini halikutoka, nikaianika hivyo hivyo.

Tuonane mwezi ujao.