Kiima Nyuma ya Kitenzi: Ushahidi wa Kiromania Dhidi ya Wahakiki Wetu

Wahakiki wetu wana mazoea ya kutangaza kwamba mshairi "ameboronga sarufi" kila waonapo kiima nyuma ya kitenzi. Joseph Greenberg, alipoainisha lugha mwaka 1963, alizungumzia mfuatano unaotawala. Sisi tumeugeuza kuwa sheria, na kila mfuatano mwingine tukauhesabu kuwa upotofu au pambo.

Kiromania hakikubali hukumu hiyo, ingawa nacho huwekwa katika kundi la lugha zinazotanguliza kiima. Mromania akiulizwa kumetokea nini, hujibu A venit Ion, yaani 'amekuja Ion'. Hapambi lugha. Ion a venit aghalabu husemwa wakati Ion tayari ni mada ya mazungumzo. Katika Îmi plac cărțile, 'vitabu vyanipendeza', kiima ni cărțile, nacho ndicho kinachokilazimisha kitenzi kuwa plac, cha wingi, badala ya place. Nafasi yake ya kawaida ni huko huko nyuma. Na katika swali Ce a cumpărat Maria?, 'Maria amenunua nini?', Maria hawezi kuingizwa kati ya ce na kitenzi.

Ushahidi mzito zaidi ni huu. Vreau să vină Ion, 'nataka Ion aje', ni sentensi iliyokamilika. Ukitaka Ion atangulie kitenzi chake, Kiromania sanifu kinadai uongeze kiunganishi ca: Vreau ca Ion să vină. Basi ni upi uliopinduliwa? Anayetozwa ushuru hapa ni kiima kinachotangulia!

Yamkini tutaambiwa kwamba mtenda na mtendwa watachanganyika. La hasha. Katika Pe Ion l-a văzut Maria, pe humtambulisha Ion kuwa yambwa na l- humrejelea. Aliyeona ni Maria, japo yuko mwishoni.

Kiswahili nacho hubeba upatanisho ndani ya kitenzi, na 'wameingia wageni' ni usemi wa kila siku. Hatukanushi kwamba kuboronga kupo: kivumishi cha sifa kikitangulia nomino yake kwa ajili ya vina, hapo mtunzi ametumia uhuru wake. Lakini wapo wanafunzi wanaotuzwa alama kwa kuuita uborongaji mshororo ambao muundo wake bibi yeyote wa Lamu huutamka mlangoni akipokea wageni.