Kufuli la fedha lijaribiwe hadharani kwanza

HAKUNA mkulima makini anayekubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mbegu mpya ya mahindi hupandwa kwanza katika mashamba ya majaribio, kwenye kanda zenye hali ya hewa tofauti, ili ionekane inavyohimili magonjwa na ukame kabla ya kufika madukani. Mizani ya kununulia pamba nayo hukaguliwa na kupigwa mhuri.

Lakini inapofika zamu ya mfumo wa kompyuta au wa simu wa kutunza fedha za wanachama, umakini huo husahaulika. Muuzaji huja kwenye SACCOS au chama cha msingi cha ushirika, husifia "ulinzi wa siri" uliobuniwa na kampuni yake, kisha mkataba husainiwa. Siri hiyo hutajwa kama sifa. Uzoefu wa Ulaya unaonyesha kwamba ni jambo la kutiliwa shaka.

Fedha zinazosafiri kwa simu na kumbukumbu zilizoko benki hulindwa kwa kriptografia, yaani elimu ya kufumba taarifa kwa hesabu ili asiye na ufunguo asiweze kuzisoma wala kuzichezea. Swali ni moja: nani amelijaribu kufuli hilo?

Mwaka 2000 Umoja wa Ulaya ulianza kugharimia mradi ulioitwa NESSIE, ulioratibiwa na Chuo Kikuu cha Leuven cha Ubelgiji kwa kushirikiana na wataalamu wa nchi kadhaa. Wabunifu walitakiwa kuleta kanuni zao za kufumba taarifa zikiwa wazi kabisa, na wataalamu wengine, wakiwamo washindani wao, wakaalikwa kuzivunja. Zililetwa kanuni 42. Hadi mwaka 2003 zilikuwa zimechaguliwa 12 tu, pamoja na nyingine tano zilizokuwapo tayari. Katika kundi la kanuni zinazofumba taarifa mfululizo kadiri zinavyopita, zililetwa sita, na zote sita zikaanguka.

Kwa haraka haraka mtu anaweza kusema hiyo ilikuwa hasara. La hasha. Kituo cha utafiti kinachokataa mbegu mbovu kimemwokolea mkulima msimu mzima.

Kazi haikuishia hapo. Mwaka 2004 ulianza mtandao mkubwa zaidi wa vyuo na makampuni, ECRYPT, ambao uliitisha shindano jipya kwa ajili ya kundi lile lililoanguka. Safari hii zilikuja kanuni 34. Aprili 2008 zilipitishwa nane, na Septemba mwaka huohuo moja ikaondolewa baada ya udhaifu wake kugunduliwa. Zikabaki saba. Aibu haikufichwa, ikatangazwa.

Miongoni mwa zilizofuzu ilikuwamo Salsa20, ya mtaalamu wa Marekani, Daniel Bernstein. Ndugu yake, iitwayo ChaCha, ilianza kutumiwa mwaka 2014 na kampuni ya Google kulinda mawasiliano ya intaneti katika simu, kwa sababu hufanya kazi kwa kasi hata kwenye simu za bei nafuu zisizo na kifaa maalumu cha kazi hiyo. Mfanyabiashara mdogo anayeulizia bei za sokoni kwa simu ya namna hiyo anaweza kuwa anafaidi matunda ya majaribio hayo bila kujua.

Wapo wanaosema kufuli likiwekwa wazi mwizi naye atajifunza. Hoja hiyo ilijibiwa zamani. Kanuni ya A5/1, iliyolinda mazungumzo katika simu za GSM, ilibuniwa kwa siri miaka ya 1980. Hadi mwaka 1999 ilikuwa imefichuliwa yote, na udhaifu wake ukaanikwa wakati simu zinazoitegemea zikiwa tayari mikononi mwa mamilioni ya watu. Siri haikuzuia kuvunjwa. Ilichelewesha tu taarifa, na gharama ikawaangukia watumiaji.

Kiuchumi, hapa ndipo penye somo. Majaribio ya aina hii ni ghali, na hakuna SACCOS wala kampuni ndogo inayoyamudu peke yake. Ulaya iliyalipia kwa fedha za walipa kodi, na matokeo yakatolewa kwa dunia nzima, kama kituo cha umma cha utafiti kinavyotoa mbegu. Kwa hiyo anayeuza kufuli lisilojaribiwa wakati yaliyojaribiwa yapo bure, hana budi kujieleza.

Ni kweli kwamba kufuli zuri halimsaidii anayemtajia tapeli namba yake ya siri, wala halizibi uzembe wa fundi aliyelifunga vibaya. Tena hakuna kufuli la milele. Mwaka 2022 kanuni ya SIKE, iliyokuwa ikishindanishwa nchini Marekani kwa ajili ya kukabili kompyuta za kizazi kijacho, ilivunjwa na watafiti wawili wa Leuven kwa kompyuta ya kawaida, kwa muda wa saa moja hivi. Ilikuwa heri ivunjwe pale kuliko baada ya benki kuitegemea. Mwezi Agosti 2024 Marekani ilitangaza viwango vya kwanza vya kanuni za aina hiyo, baada ya mchujo wa miaka kadhaa.

Kwa hiyo, kabla ya mkutano mkuu wa chama kupitisha ununuzi wa mfumo, wanachama waulize mambo matatu. Kwanza, kanuni inayolinda fedha inaitwaje, na imejaribiwa hadharani na nani asiyelipwa na muuzaji? Pili, nani mwingine amekagua jinsi ilivyofungwa kwenye mfumo huu? Tatu, ikivunjwa kesho, mkataba unamtaka nani alipie kuibadili?

Muuzaji anayejua kazi yake atajibu bila kusitasita. Anayesema majibu hayo ni siri ya kampuni, aombwe arudi siku atakapokuwa tayari kuyatoa, na fedha za wanachama zisubiri.