Unyevu wa ziwa hautalinda RAM ya mteja

“Omera, hapa ni Homa Bay, ziwa liko pale. Hayo mambo ya umeme tuli ni ya Wazungu na baridi yao.”

Hivyo ndivyo fundi aliyenifunza kazi alivyonijibu nilipouliza mbona hatuvai mkanda wa mkono tukifungua kompyuta. Nilikuwa nimeacha chuo juu ya karo. Nilishukuru tu kupata mahali pa kushika bisibisi, nikanyamaza.

Kibanda kilikuwa mtaa wa Shauri Yako, na jina hilo ndilo lilikuwa sheria ya kazi. Ukiharibu, shauri yako.

Februari jua likawaka vibaya, vumbi kila mahali. Nikiwa na jezi ya polista kwenye kiti cha plastiki, nilichomoa RAM ya laptopu ya mwalimu mmoja, nikaipangusa, nikairudisha. Ikawaka fiti. Wiki mbili baadaye akarudi: inazima katikati ya kazi. RAM imeenda. Nilikatwa malipo ya wiki tatu.

Siwezi kuapa kwamba ni umeme tuli ulioiua. Wala siwezi kuapa kwamba si mimi. Hapo ndipo ubaya wake ulipo, hauachi alama. Ukihisi kale kamshtuko unaposhika kitasa, mwili wako umebeba karibu volti 3,000. Kuna chipu zinazoharibika hata chini ya volti 100. Yaani unaua kitu bila kusikia chochote. Wakati mwingine hakifi papo hapo. Kinadhoofika, kinakufia mikononi mwa mteja.

Fundi wangu hakudanganya kabisa. Hewa yenye unyevu hupunguza umeme huo, lakini haiumalizi, na miezi ya kiangazi hata huo unyevu hupungua.

Kujikinga si kazi ngumu. Zima mashine, chomoa chaja, tenganisha betri. Kwa kompyuta ya mezani, chomoa waya ya stima, kisha shika chuma tupu cha kasha, pale pasipo na rangi, kabla ya kugusa chochote. Ukiinuka kitini, rudia ukirudi. RAM ishike kwa kingo, na ikikaa nje iweke ndani ya mfuko wake maalum, si juu yake.

Mkanda ufunge kwenye hicho chuma cha kasha. Usitegemee ethi ya soketi za vibanda vyetu, maana nyingi nilizofungua mimi, lile tundu la juu halina waya nyuma. Usijitengenezee mkanda kwa waya mtupu pia. Wa dukani una kizuizi cha megaohmu 1 cha kukulinda wewe usipigwe na stima. Na ukifungua pawasaplai, uvue.

Sasa wenye vibanda, hii ni yenu. Mkanda mmoja haufiki bei ya RAM moja. Mbona ni rahisi kwenu kumkata kijana pesa kuliko kumnunulia kifaa cha kazi? Kama hukumfunza na hukumpa mkanda, hasara ni yako, si yake.

Nawe unayeanza leo, uliza swali nililouliza mimi. Ukijibiwa kwamba ziwa liko pale, usinyamaze kama nilivyonyamaza.