Kodi ya Barabara Ipimwe kwa Haki

Barabara haijengwi kwa dua, wala haitengenezwi kwa hotuba. Hujengwa kwa fedha, na fedha hizo hutoka mfukoni mwa mwananchi. Kwa hiyo, suala la nani alipe na kwa kipimo gani si la makarani wa kodi peke yao. Ni suala la haki.

Hadi mwaka 2017 mwenye gari nchini Tanzania alidaiwa ada ya leseni ya gari kila mwaka, liwe linatembea au limeegeshwa uani juu ya mawe. Katika bajeti ya mwaka 2017/18 Serikali iliifuta ada hiyo, na badala yake ikaongeza ushuru wa shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa.

Msingi wa uamuzi ule tunauunga mkono. Atembeaye sana hulipa sana, atembeaye kidogo hulipa kidogo, na hakuna awezaye kumkwepa mtoza kodi kwa kuficha gari nyuma ya nyumba. Hata hivyo, kipimo hiki kina kasoro tatu ambazo hatuna budi kuzitaja.

Kwanza, lita haijui iendako. Mwenye mashine ya kusaga kijijini na mvuvi mwenye boti ya injini hununua mafuta kwenye pampu ile ile ya mwenye gari. Hata aliyewasha kibatari aliguswa na shilingi 40 zile. Ni kweli kwamba mafuta ya taa yakiwa rahisi mno, walaghai huyachanganya na dizeli. Lakini dhambi ya mlaghai isilipwe na maskini.

Pili, mafuta hayapimi uzito. Wahandisi hukadiria kwamba ekseli ikibebeshwa mzigo maradufu huiumiza barabara kiasi cha mara 16. Lori hilo halinywi mafuta mara 16. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 iliweka ukomo wa tani 56. Basi anayezidisha mzigo anakula jasho la wenzake.

Tatu, gari la umeme halipiti kwenye pampu, lakini hupita barabarani kama mengine.

Tunashauri kwamba kodi ya mafuta ibaki kuwa nguzo. Wasiotumia barabara watafutiwe nafuu. Malori yalipe kwa uzito wa ekseli. Na magari ya umeme yawekewe mchango wa kadiri, usiowakatisha tamaa wanaoyanunua. Zaidi ya yote, kila senti inayotozwa kwa jina la barabara iende barabarani. Fedha hiyo ni amana.

Mizani za njiani hupima malori. Wanaopanga kodi nao wakumbuke kwamba wananchi wanawapima.