Fungo, Mgeni wa Usiku

Huko Amerika ya Kaskazini yuko mnyama aitwaye rakuni, mwenye baka jeusi machoni mfano wa kinyago, ambaye hutoka usiku kupekua majaa. Afrika si kwao. Lakini aliyeko Juba, akisikia kuku wakipiga kelele usiku wa manane, huenda amezuriwa na mnyama anayefanana naye mno: fungo, ambaye wengine humwita ngawa.

Fungo mzima huwa na uzito wa kilo 7 hadi 20. Manyoya yake ni ya kijivu yenye mabaka meusi, na akitishwa husimamisha nywele za mgongoni ili aonekane mkubwa. Mchana hujificha vichakani au katika shimo lililoachwa na mnyama mwingine. Usiku hutoka peke yake. Hula matunda, panya, vyura, nyoka na wadudu, hata jongoo ambao wanyama wengi huwakwepa kwa sumu yao. Jike huzaa watoto 1 hadi 4.

Chini ya mkia ana tezi itoayo zabadi, ambayo huipaka mitini kuweka mipaka yake. Nchini Ethiopia, jirani wa Sudan Kusini, watu wamemfuga kwa karne nyingi ili kuuza zabadi hiyo kwa watengenezaji wa manukato. Tena fungo huenda haja mahali pale pale kila mara; kokwa za matunda aliyokula huota hapo, naye akawa mpanda miti pasipo kujua.

Basi haifai kumwua kwa sababu ya kuku mmoja, maana panya anaowala ndio waharibifu wa ghala. Yatosha kufunga banda kabla ya magharibi, kuziba matundu yake, na kufukia mabaki ya chakula badala ya kuyatupa nyuma ya nyumba.

Hatari iko mahali pengine. Mnyama wa usiku anayetembea mchana akiyumba, asiyeogopa watu, yawezekana ana kichaa cha mbwa. Watoto wasimkaribie. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo. Asingoje dalili, kwa kuwa ugonjwa huo ukishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufa.