Ilani ya Wakufunzi wa Mbwa Wasioshika Fimbo

Sisi tunaoishi kwa kazi ya kufundisha mbwa, pamoja na vijana wanaotaka kuingia katika kazi hii, tunatangaza kwamba mbwa anaweza kufundishwa kila anachohitaji kujua bila kupigwa wala kunyongwa kwa mnyororo. Tunatangaza pia kwamba kumfundisha hivyo ni taaluma. Ina elimu yake, saa zake za mazoezi na miiko yake, na anayeifanya anastahili kulipwa kama mwanataaluma.

Kibao cha "Mbwa Mkali" kipo kwenye mageti kuanzia Karen hadi Mikocheni. Nyuma ya mageti mengi yumo mbwa aliyefungiwa bandani tangu alfajiri, asiyemjua mtu zaidi ya yule anayemsukumia sufuria ya ugali, na anayefunguliwa usiku akiwa amejaa hofu. Wenyewe huamini kwamba kumfungia kunamfanya mlinzi, kumbe kunamfanya mwoga, na mbwa mwoga hatofautishi mwizi na mtoto wa jirani aliyefuata mpira wake. Akipigwa kwa sababu amenguruma, hajifunzi kuwapenda wageni, anajifunza kunyamaza. Mngurumo ulikuwa onyo. Mbwa aliyenyang'anywa onyo hilo atang'ata bila kutoa taarifa.

Katika nchi zetu jeraha la mbwa si jambo la kufunga kitambaa na kusahau. Karibu binadamu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa waliambukizwa na mbwa, na kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watoto walio chini ya miaka 15 ni asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo. Ili kuukomesha, inabidi asilimia 70 ya mbwa wachanjwe. Aliyewahi kusimama kwenye kituo cha chanjo kijijini ameona mbwa wakiburutwa kwa waya na kamba za katani, na wengine wakirudi nyumbani bila chanjo kwa sababu hakuna awezaye kuwashika. Mbwa aliyezoeshwa tangu mdogo kwamba mkono wa mtu shingoni unaleta dagaa husimama mwenyewe akaisubiri sindano. Kumzoesha hivyo ni kazi yetu, nasi tunaihesabu kuwa kazi ya afya ya umma.

Anayedhani njia hii ni anasa ya watu wanaolala na mbwa kitandani aende Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000, kwanza kunusa mabomu ya ardhini, baadaye kunusa makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Wakufunzi ni Watanzania. Panya anazoeshwa kwanza kwamba mlio mfupi wa kidude cha mkononi, klik, maana yake chakula kinakuja. Kisha kila anapoitambua harufu inayotakiwa, mlio unasikika papo hapo na anapewa ndizi iliyopondwa na karanga. Akikosea, hasikii mlio na hapati ndizi. Hakuna adhabu nyingine. Baada ya miezi 9 hivi anatembea juu ya uwanja wa mazoezi wenye mabomu halisi yaliyozimwa, akikwaruza udongo pale alipoinusa baruti.

Mmoja wao, Magawa, alizaliwa na kufundishwa Tanzania, akapelekwa Cambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimtunuku medali ya dhahabu. Tunauliza wenye fimbo: nani angempiga panya mpaka akatafuta bomu? Panya aliyepigwa hujificha. Yule wa Morogoro anatafuta kwa sababu kutafuta kunamlipa, na kwa sababu aliyeko upande wa pili wa kamba anajua sekunde ya kulipa.

Sekunde hiyo ndiyo ufundi wenyewe. Mbwa akiketi, nawe ukachelewa, akainuka ndipo ukampa kipande cha ini, umemlipa kwa kuinuka. Ukifanya hivyo mara kumi utapata mbwa hodari wa kuinuka, na utasema ni mjinga. Ndiyo maana mwanafunzi wetu hataanza na mbwa. Ataanza kwa kuudundisha mpira na kubofya kidude kila unapogusa sakafu, mpaka mkono wake uache kuchelewa. Kisha atafundisha kuku. Marian Breland, mwanafunzi wa mwanasaikolojia B. F. Skinner, pamoja na Bob Bailey walikuwa wakiwafunza wakufunzi kwa kutumia kuku kule Marekani, na sababu yao inafaa sana kwetu ambao kuku hatuna haja ya kuwaagiza kutoka mbali. Kuku ana haraka, hana subira na mwalimu mzembe, na huwezi kumvuta kwa mnyororo wala kumbembeleza. Ukikosea anaondoka. Karen Pryor, aliyeieneza njia hii kwa wenye mbwa, naye alianza na viumbe wasiofungika: pomboo wa Hawaii, miaka ya 1960.

Watatuambia mchelea mwana kulia hulia yeye. Sisi hatumchelei mbwa. Anayewarukia wageni hataguswa wala kusemeshwa mpaka miguu yote minne iwe chini. Ikiwa chini, salamu inakuja. Anayeiba chakula mezani hatakuta chakula mezani, na wakati huohuo atafundishwa kulala mkekani watu wanapokula. Tunatumia geti, kamba, ratiba na subira. Mipaka ipo, tena haiyumbi, lakini hailindwi kwa maumivu. Kola za umeme hatutazigusa. Wales ilizipiga marufuku mwaka 2010, na hatuoni kwa nini mbwa wa Kigamboni avumilie kile ambacho mbwa wa Cardiff ameondolewa.

Watatuambia pia kwamba lazima umtawale mbwa kama mbwa mwitu dume anavyotawala kundi. Wazo hilo linatokana na utafiti wa Rudolf Schenkel wa mwaka 1947, uliofanywa kwa mbwa mwitu waliofungiwa Uswisi. David Mech, ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 ndicho kilichochangia sana kulisambaza, alilisahihisha yeye mwenyewe: porini, kundi la mbwa mwitu kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Mwanasayansi mwenyewe ameliacha. Tunawaomba wanaolihubiri nao waliache.

Kwa ndugu zetu Waislamu wa pwani na visiwani, hatuji kubishana kuhusu twahara. Mbwa aliyefundishwa si mgeni katika dini. Sura ya Al-Maida, aya ya 4, inazungumzia windo la wanyama waliofundishwa kuwinda. Tena njia yetu ina faida ambayo njia ya kuvuta na kupiga haina: mkufunzi halazimiki kumgusa mnyama. Mlinzi wa zamu anayetaka kubaki twahara anaweza kumfundisha mbwa wa geti kuja, kukaa na kurudi bandani kwa mlio na chakula kinachorushwa chini.

Na hapa tunafika kwenye jambo linalotuuma kuliko yote. Mteja hutuita Jumamosi, tunamfundisha yeye, kisha anaondoka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi kwenda kazini. Anayebaki na mbwa ni mtunza bustani, dada wa kazi au askari wa geti. Hao ndio wanaomlisha, wanaomwogesha na wanaong'atwa. Hakuna anayewafundisha, wala hawaongezewi senti kwa kazi hiyo. Kwa hiyo hatutakubali kazi katika nyumba ambayo anayemlisha mbwa hakaribishwi darasani. Tunazitaka kampuni za ulinzi ziwape waongozaji wao wa mbwa mafunzo ya kweli, bima ya kung'atwa na mshahara unaolingana na ujuzi. Na milango yetu itafunguka kwanza kwa watu hao: kijana aliyesafisha mabanda miaka mitano anajua mambo ya mbwa ambayo kozi hazifundishi, na anachokosa ni nadharia na cheti.

Leo mtu yeyote mwenye kamba na sauti kubwa anaweza kujiita mkufunzi. Sisi tunajiwekea masharti. Moja ya vyeti vinavyoheshimika Marekani, CPDT-KA, hudai saa 300 za kufundisha kabla ya mtihani. Nasi hatutamwachia mtu afanye kazi peke yake kabla hajatimiza saa hizo chini ya macho ya aliyemtangulia. Atajifunza kusoma mwili wa mbwa: kulamba midomo bila chakula, kupiga miayo bila usingizi, weupe wa jicho unaojitokeza pembeni. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla atampeleka kwa daktari wa mifugo kabla ya somo lolote, maana jino bovu na nyonga inayouma haviponi kwa dagaa. Hatamhakikishia mteja matokeo. Na akikuta ukatili, ataripoti: Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, nazo zinasubiri watu wa kuzitumia.

Jean Donaldson, mwalimu wa wakufunzi huko Marekani, amewafundisha wenye mbwa kuuliza maswali matatu kabla ya kumkabidhi mtu mnyama wao. Mbwa wangu akipatia, atafanywa nini hasa? Akikosea, atafanywa nini hasa? Kuna njia nyingine inayomwumiza na kumtisha kidogo kuliko hiyo? Tunamwomba kila mwenye mbwa atuulize hayo, na amuulize pia mkufunzi mwingine yeyote atakayebisha hodi. Majibu yetu tutayaandika kwa Kiswahili, tutayatia saini, na tutayakabidhi kabla ya kupokea shilingi ya kwanza.