Hati punguzo ilianza na chandarua Kilombero, sasa ifike darini

Mkulima wa Kiberege hajengi nyumba kwa mara moja. Msimu huu huuza mpunga akafyatua tofali na kuzichoma, msimu unaofuata akanunua mbao za kenchi, na mvua nyingine zikija akajitahidi apate bati. Ndivyo nyumba za nyasi zilivyozidi kuondoka kando ya barabara ya Kidatu hadi Ifakara. Mabadiliko hayo ni ya kujivunia, kwa sababu yamelipwa na wenyeji wenyewe bila mkopo wa benki wala msaada wa mtu. Lakini nyumba nyingi huishia hapo. Hazina dari, madirisha hayana wavu, na juu ya ukuta, pale unapokutana na paa, umebaki uwazi unaoruhusu upepo na mbu kupita pamoja. Mchana bati linapata moto na kuushusha vyumbani, na usiku watu hukaa nje hadi ndani pawe pa kulalika. Wakiingia, mbu wamewatangulia. Hoja yangu ni kwamba hatua hii ya mwisho ya ujenzi, yaani dari, nyavu na kuziba uwazi wa juu ya ukuta, inastahili kuchangiwa na fedha za umma, na kwamba bonde la Kilombero lina sababu zaidi kuliko sehemu nyingine yoyote ya nchi ya kulianzisha jambo hili.

Nchi za baridi zililiamua suala hili zamani. Marekani ilianzisha mwaka 1976 mpango wa kuzisaidia familia za kipato cha chini kuziba nyufa na kuweka vizuizi vya baridi darini na kutani. Uingereza ikatunga sheria mwaka 1978 ya kutoa ruzuku kwa kazi hiyohiyo. Huko nyumba inayovuja joto haichukuliwi kuwa shida ya mwenye nyumba peke yake, kwa kuwa gharama zake huonekana hospitalini na katika matumizi ya nishati ya taifa zima. Kwetu hakuna theluji. Tatizo letu ni joto linaloingia na mbu anayeingia, na vyote viwili hutumia njia moja, nayo ni paa. Sioni kwa nini mantiki iliyokubalika kwa baridi ya Scotland ikataliwe kwa joto la Kiberege, hasa ukikumbuka kwamba hapa mtoto anaweza kufa.

Kwamba nyumba yenyewe ni kinga, si jambo jipya. Mwaka 1899 daktari wa Italia, Angelo Celli, aliweka nyavu kwenye madirisha na milango ya nyumba za wafanyakazi wa reli katika eneo lenye malaria kali, na waliolala humo waliugua kidogo mno wakilinganishwa na wenzao. Jaribio kubwa lililofanyika Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 lilionyesha kwamba nyumba zilizowekewa nyavu madirishani na milangoni, na kuzibwa juu ya ukuta, zilipunguza mbu waingiao kwa zaidi ya nusu, na zile zilizowekewa dari ya wavu tu zilipunguza kwa karibu nusu. Watoto wa nyumba hizo walikuwa na upungufu mdogo wa damu kuliko watoto wa nyumba zilizoachwa wazi. Kwa Kilombero maarifa haya yako mlangoni. Maabara iliyoanzishwa Ifakara mwaka 1957 na Waswisi, ambayo leo ndiyo Taasisi ya Afya Ifakara, imechunguza mbu wa bonde hili kwa miongo mingi. Watafiti wake wameonyesha kwamba katika vijiji kadhaa vya bonde, zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi huletwa na aina moja, Anopheles funestus, ingawa si yeye mwenye wingi. Mbu huyu hupenda kuuma watu ndani ya nyumba, na amejenga usugu dhidi ya viuatilifu vinavyowekwa kwenye vyandarua. Kwake dawa inapungua nguvu mwaka hadi mwaka. Ukuta uliozibwa hauwezi kuzoeleka.

Halafu lipo joto, ambalo kwenye mijadala ya malaria hutajwa kwa haraka na kuachwa. Mapitio ya tafiti kutoka nchi nyingi, yaliyochapishwa mwaka 2011, yaligundua kwamba sababu mojawapo kubwa ya watu kutolala ndani ya chandarua walichonacho ni kero ya joto. Anayeifahamu Ifakara ya Novemba na Desemba, kabla mvua hazijatulia, hahitaji kuelezwa. Tunampa mama chandarua, tunamhimiza akitumie kila usiku, kisha tunamwacha akitundike chini ya bati lisilo na dari. Anayelaumiwa kwa uzembe ni yeye, wakati kasoro iko juu ya kichwa chake. Takwimu za kitaifa nazo zinaashiria kwamba tumefika mahali pagumu: maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano yalishuka kutoka asilimia 14 mwaka 2015/16 hadi 7 mwaka 2017, lakini utafiti wa mwaka 2022 ukakuta asilimia 8. Chandarua kimefanya kazi kubwa na kiendelee kugawiwa. Ila kimeachwa kifanye kazi peke yake kwa muda mrefu mno.

Sasa tukumbuke historia ya hapahapa. Katikati ya miaka ya 1990, chandarua chenye dawa kilikuwa kitu cha wachache. Mradi wa KINET, ulioanza mwaka 1996 katika wilaya za Kilombero na Ulanga, uliuza vyandarua kwa jina la Zuia Mbu kupitia maduka ya vijijini, ukajaribu pia hati punguzo kwa wajawazito na kina mama wenye watoto wadogo. Mama alipewa hati kliniki, akaenda nayo dukani, akalipa sehemu iliyobaki. Katika eneo lililofuatiliwa na watafiti, watoto wachanga waliolala ndani ya chandarua chenye dawa waliongezeka kutoka chini ya asilimia 10 hadi zaidi ya nusu kwa miaka mitatu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalihusisha vyandarua hivyo na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Mwaka 2004 Serikali ikaanza kuipeleka Hati Punguzo nchi nzima, na kufikia mwaka 2009 mjamzito aliongeza shilingi 500 tu akapata chandarua cha kudumu muda mrefu. Jambo ambalo taifa lililifanya kwa muongo mzima lilijaribiwa kwanza kwa wakulima wa mpunga na wavuvi wa mto Kilombero. Serikali pia iliondoa kodi kwenye vyandarua ili bei ishuke. Kila chombo kinachohitajika kwa ajili ya dari kilishatumika kwa ajili ya chandarua.

Kwa hiyo ninapendekeza hati punguzo ya nyumba. Kaya yenye mtoto mdogo au mjamzito ikaguliwe na afisa afya wa kata. Ipewe hati ya kuchukua wavu wa mbu, mbao za fremu na vifaa vya dari katika duka la vifaa vya ujenzi lililosajiliwa, na mwenye nyumba achangie sehemu kwa fedha au kwa nguvu zake. Fundi alipwe kazi ikishakaguliwa, si kabla. Dari si lazima iwe ya jipsamu. Wavu uliotandazwa chini ya kenchi unazuia mbu, na palipo na uwezo zaidi, silingi bodi inazuia mbu na kupunguza joto la bati. Jambo moja lisipuuzwe: ukiziba juu ya ukuta kwa tofali na udongo katika nyumba ya bati isiyo na madirisha ya kutosha, utawafukuza mbu na kuwapika watu. Uwazi huo uzibwe kwa wavu, na madirisha yawe pande mbili ili hewa ipite. Kazi ya kutengeneza fremu za nyavu inaweza kufanywa na vikundi vya vijana wa Kiberege, Mang'ula na Signali kwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Mikopo hiyo ni ya shughuli za uzalishaji na haiwezi kumwekea mtu dari. Inaweza, hata hivyo, kumpa kijana msumeno, randa na mtaji wa kazi hiyo.

Wapo watakaosema nyumba ni mali ya mtu, na haifai kodi ya wote kumpambia mmoja kwake. Chandarua nacho ni mali ya mtu, kinatundikwa chumbani kwake. Waya wa umeme huishia ukutani mwa mtu, na bado Serikali kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA) iliamua mwanakijiji aunganishwe kwa shilingi 27,000, kiasi kisichokaribia gharama halisi. Hatukuita hiyo upendeleo. Tulikubaliana kwamba kijiji chenye mwanga ni faida ya taifa. Mtoto asiyeugua malaria kila masika ni faida kubwa kuliko taa, na mbu asiyepata damu katika nyumba moja hapeleki vimelea katika nyumba ya jirani.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye sayansi yenyewe. Jaribio jingine la Gambia, lililochapishwa mwaka 2021, lililinganisha watoto wa nyumba za nyasi na wale wa nyumba zilizoezekwa upya kwa bati na kuwekewa nyavu. Halikuona tofauti ya kuugua malaria. Matokeo hayo lazima yaheshimiwe, na yeyote atakayeahidi kwamba dari itaifuta malaria bondeni anadanganya. Lakini jaribio hilo lilifanyika mahali penye maambukizi ya kiasi au madogo, na watoto wa makundi yote mawili walikuwa na vyandarua vyenye dawa. Shirika la Afya Duniani limepima ushahidi kwa jumla na bado linapendekeza, kwa masharti, kuweka nyavu kwenye nyumba za makazi. Isitoshe, sisi hatuulizwi tuchague kati ya nyasi na bati. Kaya nyingi za bonde zimeshachagua bati kwa jasho lao. Swali lililobaki ni kama bati hilo liachwe wazi na lenye moto. Kinachofaa ni kuanza na kata chache, Kiberege ikiwemo, Taasisi ya Ifakara ipime wagonjwa, mbu na joto la vyumbani, na matokeo yaamue kama mpango upanuliwe au ukomeshwe.

Nakubali pia kwamba dari ya kijijini haimfuati mkulima anayehamia shambani kwa wiki kadhaa wakati wa kulima na kuamia ndege, akilala kwenye kibanda kisicho na ukuta wa maana. Huyo anahitaji kinga nyingine, na mpango wa nyumba usiwe kisingizio cha kumsahau. Wapangaji nao wana tatizo lao: mwenye nyumba anaweza kuwekewa dari kwa fedha za umma kisha akapandisha kodi. Sharti la kutopandisha kwa kipindi fulani liandikwe kwenye hati, na serikali ya mtaa ilisimamie.

Kuhusu maskini kabisa, Hati Punguzo ilitufundisha kwa uchungu. Kaya zisizo na hata hicho kiasi kidogo cha kuongezea zilibaki nyuma, mpaka kampeni za kugawa vyandarua bure zilipokuja baadaye kuzifikia. Kosa hilo lisirudiwe. Kaya zilizo kwenye orodha ya TASAF zipewe vifaa na fundi bure tangu siku ya kwanza. Wenye uwezo wa kati wakopeshwe kidogo kidogo kupitia SACCOS na vyama vya ushirika, warejeshe baada ya mavuno. Tuliwahi kuwa na Benki ya Nyumba, iliyoanzishwa mwaka 1973 na kufungwa mwaka 1995, na mojawapo ya mafunzo yake ni kwamba mkopo wa nyumba usiosimamiwa hugeuka zawadi kwa wenye majina. Mkopo wa nyavu na dari ni mdogo, na vifaa vyake vinaonekana kwa macho. Ni rahisi kuukagua.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na mipango ya halmashauri huanza kukusanywa miezi mingi kabla, kutoka chini kwenda juu. Madiwani wa Ifakara na Mlimba waweke fungu la majaribio, hata kama ni la kata moja moja. Wizara ya Afya iliweke suala la nyumba kwenye mpango wa malaria likiwa na bajeti yake, na Wizara ya Fedha iondoe kodi kwenye wavu wa dirishani kama ilivyofanyika kwa chandarua. Nawe msomaji wa Kiberege, mkutano mkuu ujao wa kijiji au mtaa wako utakapoitishwa, nenda ukalitake jambo hili liandikwe kwenye muhtasari.